UYOGA MWEKUNDU WA MISONOBARI: TAZAMA, USIONJE

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Usiku huo mimi nimeuona, tena mchana kweupe, Jumamosi moja ya muhula wa pili nilipokuwa Kidato cha Kwanza. Leo nashika kalamu kukueleza juu ya uyoga ambao wengi wetu tunaupita kila tunapokwenda kuokota kuni: ule mwekundu wenye madoadoa meupe, unaoota chini ya misonobari nyuma ya shule. Wataalamu huuita Amanita muscaria. Ni mzuri ajabu. Lakini kabla sijausifu, hebu nikusimulie nilivyojuana nao.

CHUMVI ILIYONIOKOA

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Kakamega. Kwetu uyoga, ambao sisi huuita obwoba, ni kitoweo cha heshima. Mvua zikianza kunyesha, nyanya yangu alikuwa akituamsha alfajiri na mapema twende kwenye vichuguu kabla majirani hawajatutangulia. Tuliuchuma, tukaukausha, tukaupika, na ugali wa wimbi ukishuka hapo, jamani, mtu hujilamba vidole vyote kumi. Kwa hiyo nilipokuja kusoma huku nyanda za juu, kwenye baridi ya kugonganisha meno, nilijiona bingwa wa uyoga. Nani angenifundisha nini?

Jumamosi hiyo darasa letu lilikuwa na zamu ya kuokota kuni za jikoni. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Chini ya misonobari, katikati ya yale majani makavu yaliyo kama sindano, nikaona vitu vyeupe vya mviringo vikichungulia kutoka ardhini mithili ya mayai ya kuku. "Obwoba!" nikapiga kelele. Rafiki yangu, ambaye tulikaa dawati moja, alikuwa hajaonja uyoga tangu azaliwe. Nikamwambia leo ndiyo leo. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikamjibu, "Mimi nimezaliwa na kulelewa na uyoga. Najua." Tukachuma kama kumi hivi, tukauweka ndani ya sweta.

Karibu na hapo wafanyakazi wa msitu walikuwa wamechoma matawi na kuacha makaa. Tukabanika. Mwenzangu hakungoja, alikula mmoja mzima na nusu ya wa pili, akasema si haba. Mimi nilikataa kula bila chumvi, maana nyanya yangu hajawahi kuniandalia uyoga usio na chumvi. Nikatoka mbio hadi jikoni kuomba kidogo.

Mpishi wetu mkuu, mama mmoja mwenye sauti kama kengele, alinitazama akaniuliza, "Chumvi ya nini, kijana?"

"Ya uyoga, Mama."

"Uyoga gani?"

"Wa huko msituni."

Akauacha mwiko ndani ya sufuria la githeri. "Umekula?"

"Mimi bado."

"Nani amekula?"

Sikumaliza kujibu. Alinikamata mkono kama aliyemfumania mwizi wa kuku, akanipeleka moja kwa moja kwa mwalimu wetu wa Bayolojia, aliyekuwa akisahihisha madaftari. Mwalimu hakunigombeza. Alichukua "yai" moja lililobaki kwenye sweta, akalikata katikati toka juu hadi chini. La haula! Ndani mlikuwa na uyoga mdogo uliojikunja, kofia na shina lake, kama kifaranga ndani ya yai. Na chini tu ya ile ngozi nyeupe kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Mwalimu akasema, "Huu si uyoga wa kichuguu. Huu ni amanita. Rafiki yako yuko wapi?"

Tulimkuta ameketi juu ya gogo, anacheka peke yake. Muda si muda akaanza kutapika, kisha akawa anasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Ndani ya gari la shule alikuwa akimwomba msamaha mwalimu wa nidhamu, na mwalimu wa nidhamu hakuwemo garini. Wakati mwingine ningecheka. Siku hiyo nilikuwa nalia.

Kwenye zahanati daktari aliuliza mambo matatu: amekula saa ngapi, ameanza kuumwa saa ngapi, na uyoga uliobaki uko wapi? Mwalimu alikuwa ameufunga ndani ya karatasi, akautoa. Daktari aliposikia kwamba kutoka kula hadi kuumwa hazikupita hata dakika tisini, alishusha pumzi. Mimi nilibaki nimeduwaa. Mtu anatapika, na daktari anashusha pumzi? Sababu yake nitakueleza mbele kidogo. Rafiki yangu alilala usingizi mzito mpaka asubuhi, akaamka akiuliza kama kuni zimetosha. Hata hivyo hawakumwachilia. Waliendelea kumtazama na kumpima damu kwa siku tatu, ili wahakikishe kwamba ini lake ni zima. Siku hizo tatu mimi nilikuwa sili, silali. Kosa halikuwa lake. Ni mimi niliyesema "najua".

MGENI ALIYEKUJA NA MTI WAKE

Nilimwuliza mwalimu: mbona nyanya yangu amekula uyoga miaka yote hiyo na hajadhurika? Amekosea wapi? Mwalimu akanijibu, "Nyanya yako hajakosea hata kidogo. Lakini nyanya yako hajawahi kuchuma uyoga chini ya msonobari."

Msomaji wangu, maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya. Hebu tuyachambue.

Msonobari si mti wa kwetu. Afrika Mashariki haikuwa na msonobari hata mmoja wa asili. Aina iliyoenea sana katika mashamba ya miti hapa Kenya, Pinus patula, asili yake ni Meksiko. Ililetwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya mbao, na baadaye ikatumika pia kutengenezea karatasi. Sisi watu wa magharibi tunakikumbuka kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970 na kula misonobari mingi kama nini.

Sasa sikiliza ajabu. Katika nchi nyingi ambazo hazikuwa na misonobari ya asili, miche iliyooteshwa kwa mbegu tupu ilidumaa. Ikawa manjano, mingine ikafa. Lakini ilipotiwa udongo kidogo uliotoka chini ya misonobari mikubwa, miche ile ile ilichangamka na kuanza kukua. Kulikuwa na nini ndani ya udongo ule? Kulikuwa na nyuzi za uyoga.

Huo uyoga tunaouona juu ya ardhi ni tunda tu, kama embe lilivyo tunda la mwembe. Mwili wenyewe uko chini: nyuzi nyembamba kuliko nywele zinazotambaa udongoni na kuzizingira ncha za mizizi ya mti. Nyuzi hizo hufika mahali ambapo mizizi haifiki, zikaleta maji na madini kama vile fosforasi na nitrojeni. Mti nao hulipa kwa sukari inayotengenezwa na majani kwa msaada wa mwanga wa jua. Ni biashara ya mali kwa mali, na kila upande unapata faida.

Amanita muscaria ni mmoja wa wafanyabiashara hao. Kwao ni katika misitu ya nchi za baridi za kaskazini mwa dunia. Leo unapatikana hata Afrika Kusini, Australia, New Zealand na huku kwetu Afrika Mashariki, mahali ulipofika pamoja na miti iliyopandwa. Mgeni alikuja na mgeni mwenzake mfukoni.

Jambo hili unaweza kulithibitisha mwenyewe bila darubini. Msitu ulio nyuma ya shule yetu una sehemu mbili, upande mmoja misonobari na upande wa pili saipresi. Tulitembea pande zote mbili siku moja, mvua ile ile na udongo ule ule. Upande wa misonobari tulihesabu uyoga mwekundu 23. Upande wa saipresi hatukuona hata mmoja. Saipresi nayo ina marafiki zake mizizini, lakini ni wa ukoo mwingine kabisa, na hawatoi uyoga wa kofia. Kumbe hata miti huchagua marafiki!

VIUNGO VYAKE KWA KISWAHILI

Baada ya mwenzangu kupona, mwalimu wa Bayolojia alikubali kutupeleka msituni. Mlezi wa Chama cha Kiswahili naye akafuatana nasi, akatupa kazi: kila kiungo cha uyoga tukipe jina la Kiswahili ambalo hata mtoto wa darasa la nne ataelewa. Tulibishana sana, tukaafikiana hivi:

Kofia. Ndiyo sehemu ya juu. Ule uliokomaa huwa na upana wa sentimita 8 hadi 20, yaani unaweza kuwa mpana kama sahani ya bwaloni. Rangi yake ni nyekundu ya kung'aa, wakati mwingine hufifia ikawa ya chungwa.

Vigaga. Ni yale madoa meupe juu ya kofia. Si rangi. Ni vipande vya lile ganda la "yai" lililopasuka uyoga ulipokuwa ukikua, vikabaki vimenata juu kama vigaga vya kidonda. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha huoshwa vikaanguka, na uyoga ukabaki mwekundu mtupu. Mtu aliyezoea kuuona kwenye picha anaweza akapita asiutambue.

Kurasa. Inua macho chini ya kofia utaona vitu vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Mwenzetu mmoja kutoka Mombasa alitaka viitwe matamvua, kama ya samaki, lakini wengi wakapenda kurasa. Za amanita huyu ni nyeupe, na vumbi la mbegu linalotoka humo ni jeupe pia.

Pete. Ni ngozi laini inayoning'inia shinani kama sketi fupi. Uyoga ukiwa mchanga, ngozi hiyo huzifunika kurasa. Kofia ikifunguka, hukatika na kubaki hapo.

Soksi. Hili ndilo jina lililotuchukua muda mrefu zaidi. Chini kabisa, pengine ndani ya udongo, shina la amanita huvimba, na huzungukwa na mabaki ya lile ganda la yai. Kwa huyu mwekundu mabaki hayo ni kama pete za magamba. Kwa ndugu zake wengine ni mfuko kamili, kama soksi iliyoteremka. Ukiuvunja uyoga juu juu, soksi hubaki ardhini na wewe hubaki gizani. Ndivyo nilivyofanya mimi Jumamosi ile: nilichuma na wala sikutazama mguu.

Sasa linganisha na uyoga wa kichuguu wa nyanya yangu. Ule hauna soksi wala vigaga. Kofia yake mara nyingi ina ncha katikati, kurasa zake huelekea kuwa na wekundu wa waridi unapokomaa, na shina lake hushuka ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye nyumba ya mchwa, kwa sababu mchwa ndio wanaoulima. Yaani ni ukoo mwingine, makao mengine, na rafiki mwingine. Mmoja hushirikiana na mdudu na mwingine hushirikiana na mti.

NDUGU WA UKOO WAKE

Ukoo wa amanita ni mkubwa, una mamia ya aina, na tabia zao hazifanani. Katika misitu ya miombo ya Tanzania, Zambia na Malawi kuna Amanita zambiana, ambao wenyeji huuchuma na kuula tangu zamani. Warumi wa kale waliupenda mno ule wanaouita Amanita caesarea, uyoga wa Kaisari.

Ndugu wa kuogopwa ni Amanita phalloides, ambao sisi chamani tumeupa jina la uyoga wa mauti. Kofia yake ni ya kijani kilichochanganyika na manjano, kurasa nyeupe, pete shinani, na soksi kamili chini. Asili yake ni Ulaya, na kama nduguye mwekundu, umesafiri kwa kufuatana na miti. Umeshaonekana katika mashamba ya misonobari ya jirani zetu Tanzania, na pia Afrika Kusini. Australia ulifika pamoja na mialoni, na mwezi wa Agosti 2023 watu watatu wa jimbo la Victoria walikufa baada ya kula chakula cha mchana kilichotiwa uyoga huo.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini daktari alishusha pumzi. Sumu za ukoo huu ni za namna mbili. Amanita mwekundu una sumu ya haraka, asidi ya iboteniki na muskimoli, ambazo huchezea ubongo. Baada ya dakika 30 hadi saa mbili hivi mtu huanza kupepesuka, kutapika, kuchanganyikiwa na kusinzia. Inatisha kutazama, lakini ni nadra kumwua mtu aliyetibiwa.

Uyoga wa mauti una sumu ya polepole, amatoksini. Ukiula husikii chochote kwa saa 6 hadi 12, au hata zaidi. Kisha huja matapishi na kuhara kwa nguvu. Halafu, na hili ndilo la hatari zaidi, mgonjwa huonekana amepata nafuu, akadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndani sumu inazuia seli za ini kunakili maagizo ya kutengeneza protini, na seli moja moja inakufa. Siku ya tatu au ya nne ini na figo hulegea, na mara nyingi huwa kuchelewa. Nusu ya kofia moja inaweza kumwua mtu mzima. Kuchemsha, kukaanga au kukausha hakuiondoi sumu hii. Basi ndiyo sababu ugonjwa wa haraka ulikuwa habari njema kwa daktari. Hata hivyo mtu anaweza kula aina mbili kwa pamoja, ya haraka ikaificha ya polepole, na kwa hilo rafiki yangu akashikiliwa siku tatu.

Uyoga umewaangusha hata wakubwa. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba Kaisari Klaudio wa Roma aliuawa kwa uyoga mwaka wa 54. Kaisari Charles VI alifariki Vienna mwezi wa Oktoba 1740 baada ya kula uyoga na kuugua siku kadhaa, na kifo chake kikazua vita vya urithi vilivyodumu mpaka 1748. Fikiria, sahani moja ya mboga na miaka minane ya vita!

Na huyu wetu mwekundu? Zamani Ulaya waliukata vipande wakauweka ndani ya maziwa ili nzi wanywe walewe. Mtaalamu Carl Linnaeus alipouandika kitabuni mwaka wa 1753, akautia jina la nzi: musca kwa Kilatini ni nzi. Ujerumani ni alama ya bahati njema, huchorwa kwenye kadi za Mwaka Mpya. Nawe ukifungua simu yako ukatafuta kile kipicha cha uyoga, utamkuta ni yeye yule, kofia nyekundu na vigaga vyeupe. Amezunguka dunia nzima, nasi tunampita hapa nyuma ya bweni bila hata kumwamkia.

MAJARIBIO YASIYOFAA KITU

Tulipokusanya maoni darasani, kila mtu alikuja na jaribio lake la kujua uyoga wenye sumu. Mwalimu aliyapangua yote.

Eti ukiona umeliwa na wadudu, ni salama. Si kweli, konokono na wadudu hula amanita na kuendelea na safari zao. Tumbo lao si tumbo lako.

Eti ukiupika na kijiko cha fedha au kitunguu saumu, wenye sumu hugeuka mweusi. Si kweli, amatoksini haigeuzi rangi ya kijiko wala ya kitunguu.

Eti wenye sumu ni mchungu. Si kweli, watu walioponea uyoga wa mauti wamesema ulikuwa mtamu. Na rafiki yangu je, hakusema si haba?

Eti mweupe ni salama, mwekundu ndio mbaya. Huu ndio uongo mkubwa kupita wote. Zipo amanita nyeupe pepepe zinazoua, na huyu mwekundu mwenyewe, akiwa bado yai, ni mweupe.

Basi nyanya yangu anajuaje? Anajua kwa sababu yeye hatumii jaribio lolote. Anajua uyoga mmoja, wa mahali pamoja, msimu mmoja, alioonyeshwa na mamake kwa kidole. Elimu hiyo ni kamili, lakini mipaka yake ni vile vichuguu vya kwetu. Mimi niliibeba nikaivusha nyanda za juu, nikaiweka chini ya mti wa Meksiko, nikategemea itafanya kazi. Nyumbani likizo ile nilimweleza nyanya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi sijakufundisha uyoga. Nimekufundisha ule pale tu." Akanyosha kidole kwenye kichuguu.

NAMNA YA KUUTAZAMA

Usije ukafunga gazeti hili ukaenda kuupiga uyoga teke. Kuupiga teke ni kuvunja tunda la rafiki wa mti, na kumnyima mwenzako asione. Chama chetu sasa huenda kuutazama kila mvua ikinyesha vizuri, na hizi ndizo desturi zetu.

Kwanza, omba ruhusa kwa mwalimu na kwa askari wa msitu, na msiende chini ya watu watatu. Pili, subirini siku chache baada ya mvua kubwa, mwende asubuhi kabla jua halijakausha kofia. Tatu, tembea polepole. Ukiona mmoja, simama. Mara nyingi mwingine yuko hatua mbili kutoka ulipo, na si ajabu unakaribia kuukanyaga. Nne, beba kioo kidogo. Ukikiweka chini ya kofia utaziona kurasa na pete bila kuuvunja. Tano, fukua sindano kidogo kwa kijiti uone mguu, kisha ufunike ulivyokuwa.

Kuugusa hakudhuru, kwa kuwa sumu hii haipiti kwenye ngozi, lakini nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Wenye bahati hukuta umri wote mahali pamoja: yai lililo nusu ardhini, mwingine umepasua ganda na wekundu unachungulia, mwingine umefungua kofia kama mwavuli, na mzee aliyejikunja kingo juu kama sahani, amejaa maji ya mvua. Siku ya kwanza tulipoona hivyo, darasa zima la watu kumi na tisa lilinyamaza kimya. Sijawahi kuona darasa letu likinyamaza bila kuamriwa.

Na ikiwa, Mungu apishe mbali, mwenzako amekula uyoga asioujua, usingoje aumwe. Mpeleke hospitali mara moja. Beba uyoga uliobaki, hata maganda au matapishi, ndani ya karatasi. Andika saa aliyokula. Usimpe maziwa ukadhani umemaliza kazi. Maziwa hayaiondoi sumu hii. Na akipata nafuu, usimwache arudi nyumbani mpaka daktari aseme.

TAMATI

Rafiki yangu yule, ambaye sasa ndiye katibu wa safari zetu, hutangulia mbele akiwa na kioo mkononi. Vidato vya Kwanza wakimwuliza kama uyoga huu unaliwa, yeye huwajibu, "Unaliwa mara moja," kisha hunitazama mimi. Wote hucheka. Mimi hucheka pia, ingawa moyoni bado nalisikia lile swali lake: "Una hakika?"

Kuuliza si ujinga, msomaji wangu. Mpishi wetu aliuliza maswali manne juu ya kijiko kimoja cha chumvi, na ndiyo sababu nami nipo nikikuandikia. Mvua ikinyesha, njoo tuandamane. Macho yale yashibe, na mdomo ungoje githeri.